Ulezi wa Mbinga Katika Mbege ya Mama Mkwe

Kwetu migombani, juu ya Himo
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Otilia,

Tumsifu Yesu Kristo! Najua hapo umeitikia kwa sauti mpaka kuku wameshtuka. Shikamoo dada. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linakuuma ukipanda kile kilima cha kanisani, sasa sijui ile dawa ya kuchua niliyokutumia uliipaka au ulimpa jirani kama kawaida yako. Na mama anaamkaje siku hizi? Anakula, au bado anasingizia meno? Mwambie namwombea kila jioni, yeye wa kwanza kabla hata ya wanangu.

Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa mama mkwe, ambaye mguu wa kushoto umefungwa hogo jeupe la plasta mpaka gotini. Usishtuke, anaendelea vizuri, na ulimi hauna jeraha lolote. Hapa ninapoandika yuko kiti cha mlangoni ananiuliza ninaandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia namwandikia dada. Akasema, "Mwandikie vizuri." Na hayo maneno mawili, dada, ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini yamenifanya nisimame kidogo nimtazame.

Sikupiga simu kwa sababu hii si habari ya simu. Salio lingekatika kabla sijafika penyewe, na mwenye habari yake anakaa hatua tatu kutoka nilipo. Yule Sista wa huko kwetu anasafiri Jumanne, amekubali kukuletea barua hii mpaka mkononi mwako.

Dada, ule ulezi wako! Ule wa mwezi wa kumi, uliousukumia kwenye begi la Sista huku yeye analalamika ni mzito! Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitacheka peke yangu.

Unajua Krismasi ya huku ilivyo. Kila aliyezaliwa kwenye migomba hii anapanda kuja nyumbani, awe Dar, awe Mwanza, awe wapi. Mbuzi anachinjwa, na mbege lazima iwepo, ile pombe yao ya ndizi mbivu na ulezi. Bila mbege watakula, ndiyo, lakini watakuwa kama watu waliokula msibani. Na mbege ya nyumba hii anapika mama mkwe kwa mikono yake. Miaka kumi na tisa tangu Baba Neema anitoe huko Mbinga alikokuwa akinunua kahawa, kazi yangu katika hiyo mbege imekuwa ni kuleta maji, kuleta kuni na kuosha pipa. Siku ya kuchanganya, mama mkwe ananiambia, "Mama Neema, hebu kaangalie ng'ombe." Ng'ombe mwenyewe yuko bandani amefungwa, ataenda wapi? Lakini naenda. Hajawahi kunitukana wala kunikosea adabu, lazima niseme ukweli. Ila akiwa na wageni, mimi ni "huyu mtu wa Songea." Nikisema, "Mbinga, mama," anasema, "Si ni huko huko."

Basi, mkesha wa sikukuu, mbege imeshachanganywa, akaenda asubuhi kukata majani ya mgomba ya kufunikia pipa. Mvua ilikuwa imenyesha. Akateleza ukingoni mwa mfereji wa maji akashuka nao mpaka chini. Mimi nilikuwa nakamua, nikasikia anaita jina la marehemu mumewe. Dada, nilimwaga maziwa yote. Tulimkuta amekaa kwenye tope, panga bado mkononi, anatuamuru tusimguse mguu. Baba Neema na majirani wakambeba kwa kiti mpaka barabarani, gari likampeleka Moshi hospitali. Mfupa umevunjika chini ya goti, na presha imepanda, wakamlaza.

Krismasi yenyewe tuliila kwa zamu kwenye korido ya hospitali, wali na maharage kutoka kwenye hotipoti. Mbuzi alibaki nyumbani anakula majani na kulia mee. Baba Neema akasema mwaka huu aliyesherehekea ni mbuzi peke yake. Na mbege haingoji mtu. Siku ya pili inakuwa chachu mpaka inakunja uso, tukawagawia majirani wainywe kabla haijafika huko.

Watoto wa nyumba wote walikuwepo, wifi yangu Ndeshi kutoka Dar, na mdogo wake Deo na familia yake kutoka Mwanza. Wakaanza kunong'ona kwamba labda tuchinje tu, tule kidogo, watu warudi makazini. Mama mkwe alizipata hizo habari kitandani, sijui nani alimpelekea. Akatuita wote, tukajipanga pale kama watoto wa kipaimara. Akasema, "Krismasi yangu hailiwi mimi nikiwa hapa. Anayetaka kuondoka aondoke. Lakini asiende kusema huko kwamba amekula Krismasi kwa mama yake."

Hakuondoka mtu. Ndeshi alipiga simu kazini akiwa amefumba macho. Tukapanga iwe Jumamosi ya kwanza baada ya mwaka mpya.

Sasa mbege nani atapika? Mama mkwe akasema, "Ndeshi. Ndiye binti yangu mkubwa." Mimi hakunitazama hata, na wala sikutegemea. Ila tulipofika nyumbani Ndeshi akanivuta jikoni, akafunga mlango.

"Wifi, usinicheke. Mara ya mwisho kukoroga mbege nilikuwa darasa la saba."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Wewe ungemkatalia mama, amelala vile, anakutazama vile? Kwani huko kwenu Songea mnakunywa nini?"

"Mbinga."

"Haya, Mbinga. Mnakunywa nini?"

"Komoni. Na watoto togwa."

"Basi! Pombe ni pombe. Wewe koroga, mimi nitasimama karibu."

Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi, dada, kwa mlango wa nyuma. Niliogopa. Watu wa huku mbege wanaijua kama sisi tunavyojua kahawa yetu, mtu akionja anakwambia imekosewa siku gani. Ikiharibika, hawatasema Ndeshi ameharibu. Watasema ilitoka kwenye mikono ya mtu wa Songea, na mama mkwe baada ya mguu kuvunjika na Krismasi kuahirishwa, aje akute na hiyo. Na mimi ningebaki kupeleka maji na kuni mpaka nizeeke.

Ndizi nilizipika Jumatatu kutwa nzima mpaka zikawa nyekundu, nikaziacha zichachuke kwenye pipa. Hilo halikunishinda, nimeliona miaka yote kutokea bandani kwa ng'ombe, si unajua banda liko mkabala na jiko. Lile gome chungu la msesewe mama mkwe alikuwa ameshalipima, limefungwa kwenye kitambaa. Kilichobaki ni ulezi. Kwenye mbege ulezi lazima uwe umeoteshwa, ukaanikwa, ndipo usagwe, yaani kimea kama kile chetu. Wa mama mkwe ulikwisha kwenye mbege ya kwanza. Ndeshi akasema atanunua Moshi akienda hospitali, mimi nisihangaike.

Alhamisi mama mkwe akarudi. Kitanda chake tulikiweka chumba cha karibu na jiko, dirisha wazi, na kutoka hapo akawa anaongoza kazi bila kuiona. "Moto umezidi hapo, nasikia!" Ijumaa asubuhi nikapika uji wa ule unga aliokuja nao Ndeshi. Nikauacha upoe. Nikarudi, nikazamisha mwiko.

Mwiko ukasimama.

Dada, wewe umekuwa jikoni kwa mama muda mrefu kuliko mimi. Uji wa kimea haushiki mwiko, unalegea wenyewe. Huu ulikuwa mzito kama wa mzazi. Nikachota unga mkavu kidogo nikatafuna. Hakuna utamu wowote.

"Wifi," nikamwambia polepole, "ulimwambia muuzaji unataka nini?"

"Unga wa ulezi. Nikamsisitizia awe amesaga laini."

"Ulimwambia umeoteshwa?"

Akautazama mwiko uliosimama. "Nilimwambia wa uji. Si mnapika uji wake kwanza?"

Nilikaa kwenye kigoda. Ulezi kuloweka, kuotesha na kuanika ni siku nne, tano, na wageni wanakuja kesho. Nikampigia mama mmoja wa Himo anayeuza kimea, akaniambia, "Mwanangu, sikukuu imekomba chote, labda wiki ijayo." Ndeshi akaanza kulia bila sauti. "Mama akijua nimenunua unga wa uji nitahama nchi. Usimwambie, wifi yangu. Nakuomba."

Na dirishani huku, "Mama Neema! Mbona kimya? Ulezi umekubali?"

Sikutaka kusema uongo, na ukweli ulikuwa wa Ndeshi. Nikasema, "Bado unapoa, mama," nikatoka nje na rozari yangu, nikasimama nyuma ya banda. Nilisali kumi moja tu. Na hapo, dada, ng'ombe akanitazama akiwa anatafuna, nami nikakumbuka nilivyokuwa nikitafuna kimea utotoni, tukimwibia mama kwenye ungo. Kimea! Mimi ninacho! Ulezi wako niliuotesha kipindi cha Majilio, nikausaga, nikaujaza kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga ili nimtengenezee Neema togwa akifunga chuo. Kwa balaa la mguu hakuna aliyekumbuka togwa. Nilikimbia, dada. Na unene huu wangu, nilikimbia.

Nikapasha uji mpaka ukawa wa kuvumilika kwa kidole, nikatia kimea chako chote, nikakoroga, nikafunika. Hivyo sivyo wanavyopika mbege huku, nilijua. Hiyo ni njia ya togwa, njia ya mama yetu. Sikuwa na nyingine. Ndeshi ameshika mfuniko kwa mikono miwili kama vile kitu kitaruka. Baada ya muda nikafunua nikaweka mwiko. Ukaanguka chali! Uji umelegea, unang'aa, unateleza kama maji ya mchele. Ndeshi alinikumbatia na mwiko wangu, gauni lake la Dar likaharibika.

"Mama Neema! Nimekuuliza!"

"Umekubali, mama!"

Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Tukachuja ndizi, tukachanganya, tukatia gome, tukafunika kwa majani. Yale majani, dada, niliyakata mimi, nikiwa nimevaa viatu vya mvua na nimeshikilia kila mgomba.

Jumamosi, basi! Laiti ungeona uwanja ulivyojaa. Mbuzi wa watu akamaliza sikukuu yake. Tulipika ndizi na nyama, nyingine ikachomwa, na ile supu yao yenye damu, kisusio, ambayo mpaka leo sijaweza. Mama mkwe tulimtoa na kiti chake, mguu juu ya gunia la majani ya mahindi, kitenge kipya, kama bibi harusi. Meku Severini, baba mdogo wa mume wangu, mzee kuliko wote waliobaki kwenye ukoo, akaongoza sala. Alimshukuru Mungu kwa kila mtu na kila mnyama, nyama ikapoa.

Halafu ikaletwa mbege. Desturi yao, aliyepika anaonja kwanza mbele ya watu, ndipo anampa mkubwa. Macho yote kwa Ndeshi. Ndeshi akachota kwenye kata, akapiga hatua mbili, akageuka, akanipa mimi.

Nikaonja. Mimi ile pombe sijawahi kuipenda, sasa hata sikujua ninatafuta ladha gani. Nikampa Meku kwa mikono miwili. Akanywa, akafuta masharubu, akachungulia ndani ya kata kama mtu aliyedondosha kitu humo. Akanywa tena. Akampitishia mama mkwe.

Mama mkwe akanywa kidogo, akafumba macho. Nilisikia kuku wanaparura kule nyuma.

"Ulezi huu," akasema, "si wa Moshi."

Akafungua macho, akanigeukia.

"Mama Neema. Umetoka wapi?"

"Mbinga, mama. Kwa dada yangu."

"Na ule alionunua Ndeshi?"

Nikatazama chini. Mungu anajua ningekaa kimya mpaka jioni. Lakini Ndeshi akasimama, mwanamke mzima mwenye wajukuu, akakunja mikono kama mwanafunzi.

"Mama, wangu uko jikoni. Ulikuwa wa uji. Tutakunywa uji mpaka Pasaka."

Deo ndiye aliyeanza kucheka, "Dar imemharibu dada!" na wengine wote wakafuata. Na mama mkwe, dada, alicheka mpaka akashika mguu wake, "Jamani, mfupa! Mfupa!" huku machozi yanamtoka. Meku akagonga fimbo chini. "Mimi sikuuliza habari za kosa. Nauliza, imebaki?"

Ilikuwa imebaki. Ilinywewa mpaka mashapo.

Nyama ya kidari katika nyumba hii ni ya mama mwenye nyumba, hapewi mwingine. Alipoletewa, mama mkwe akaomba kisu, akakata kipande, akaninyooshea. "Shika. Aliyepika ale." Halafu akasema, "Aika, mae." Kwao ni asante, mama. Nimemsikia akiwaambia wengi, watoto wake, majirani, hata daktari. Na baadaye walipokuja wageni wa ng'ambo ya mto, ambao hawanijui, akawaonyesha kwa kidole: "Huyo ni mke wa Fulgensi. Mtu wa Mbinga."

Dada, kwa mazoea nilishafungua mdomo kumsahihisha. Nikakuta hakuna cha kusahihisha. Nikaenda kwa ng'ombe, safari hii bila kutumwa, nikalia kidogo. Hapa usimsomee mama, atafikiri nateswa.

Sasa wameondoka wote. Deo aliondoka Jumapili, Ndeshi Jumatatu, tumemsindikiza mpaka Himo na mikungu miwili ya ndizi na maziwa kwenye chupa, na mfuko wake wa unga wa uji nilimfungia akaupeleke Dar. Ameniita mchawi. Neema amerudi chuo. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Asubuhi nakamua, napeleka maziwa, nakata majani ya ng'ombe, napalilia kahawa. Mama mkwe anakaa mlangoni na fimbo, anaielekeza fimbo kwenye kazi iliyobaki. Alhamisi jumuiya walikuja kusali kwetu ili asikose, akaimba kuliko wote.

Kitu kipya ni kimoja. Kila siku saa nne asubuhi ananiambia, "Mama Neema, kaa kwanza." Nakaa. Juzi alinieleza mti wa msesewe anaobandua gome ni upi, ule ulio nyuma ya makaburi, na upande gani wa shina, na kiasi gani kwa pipa moja, akaniambia likizidi linaumiza watu. Alinieleza kwa sauti ndogo ingawa tulikuwa wawili tu. Nami nikamweleza togwa. Anataka kila asubuhi, sasa kopo langu halina kitu, namdanganya kwa chai.

Ndipo nafika kwenye ombi. Si langu, ni lake. Ule ulezi wako niliusaga wote, hata punje moja ya mbegu sikuacha. Mama mkwe ameshatenga kipande kwenye lile shamba la chini, kule tambarare, anasema mvua za masika zikianza anataka upandwe wa Mbinga, na mimi ndiye nipande, yeye atasimama kama hogo litakuwa limetoka. Jana kanitaka niende nikapime hatua. Nimepima. Ni padogo, kibaba kimoja cha mbegu kinatosha. Tafadhali uwe mwekundu kama ule, usiwe wa dukani, maana wa dukani tunao mkasa nao.

Nisalimie mama kwa magoti, shemeji mumeo, yule binti yako anayenyonyesha, na mwalimu wa katekesi aliyetufundisha sala. Mwambie ile kumi moja nyuma ya banda ilisikika. Baba Neema anawasalimu. Na mama mkwe naye, hapa amesikia nasoma salamu, anasema, "Msalimie huyo dada yako wa Mbinga, mwambie nimekunywa ulezi wake."

Basi nijibu mapema, dada, hata kwa maneno machache, unieleze kama mbegu ipo. Anayeuliza jibu kila siku si mimi peke yangu sasa.

Mdogo wako akupendaye,
Kandida